Pazia Zito, Skrubu Fupi: Majibu kwa Wasomaji

Katika toleo lililopita tulizungumzia namna ya kuchagua vitambaa vya mapazia, na nilitarajia barua za kuuliza rangi na mishono. Zilizofika mezani kwangu, karibu zote, zinauliza habari za vile vitu ambavyo muuzaji huvitia kwenye mfuko mdogo dakika ya mwisho, mnunuzi akiwa ameshamaliza fedha zake kwenye kitambaa: mabomba, braketi, pete, kulabu, skrubu na vishikio vya pembeni. Nimechagua barua chache zinazowakilisha nyingine nyingi. Yale ambayo mafundi wa Tanzania huyaita mabomba ya pazia, wengine huyaita fimbo. Mimi nitatumia bomba kwa ya chuma na fimbo kwa ya mbao.

Shikamoo fundi. Dirisha la sebule yangu lina upana wa futi 8. Nilinunua bomba lenye braketi mbili za mikono miwili, mkono wa nje kwa pazia zito na wa ndani kwa pazia jepesi. Baada ya miezi mitatu bomba limepinda katikati kama upinde, na braketi ya kulia imeng'oka pamoja na lipu. Aliyefunga anasema pazia ni zito mno, nibadilishe kitambaa. Ni kweli? (Msomaji, Tanga)

Marahaba. Si kweli, na hesabu yake ni rahisi. Bomba la dirisha lako, likizidi dirisha kidogo kila upande, lina kama mita 2.8. Tuseme pazia linashuka mita 2.3, na limeshonwa kwa upana mara mbili ya bomba ili mikunjo ijae. Hiyo ni takriban mita 13 za mraba za kitambaa. Kitambaa kizito cha kawaida kina kama gramu 300 kwa mita ya mraba, kwa hiyo pazia lako zima linakaribia kilo 4, yaani moja ya tano tu ya uzito wa ndoo ya maji ya lita 20. Ukuta wa tofali ambao hauwezi kubeba kilo 4 una tatizo kubwa kuliko pazia.

Tatizo ni mkono. Mkono wa nje wa braketi ya mikono miwili hutoka ukutani kama sentimita 15, wakati bati lililoshika ukuta lina urefu wa sentimita 5 hivi, na skrubu ya juu iko kama sentimita 4 kutoka ukingo wa chini wa bati hilo. Braketi hiyo inafanya kazi kama mtaimbo: kila kilo 1 inayoning'inia mwisho wa mkono inaivuta skrubu ya juu kutoka ukutani kwa nguvu ya karibu kilo 4. Pazia likiwa limetulia, nguvu hiyo inavumilika. Siku mtoto atakapolishika pazia na kuning'inia, kilo 15 zake zitakuwa karibu kilo 60 kwenye skrubu moja.

Sasa itazame skrubu iliyong'oka. Naamini ina urefu wa inchi 1, kwa sababu ndizo zinazofungashwa na braketi nyingi za bei nafuu. Lipu ya ukuta peke yake ina unene wa milimita 15 hadi 20. Ukiondoa unene wa bati, skrubu yako imegusa tofali kwa ncha tu, na kwa miezi mitatu pazia lako limekuwa likishikwa na lipu, ambayo kazi yake ni kulainisha ukuta. Ndiyo maana ilitoka nayo.

Kuna jambo la pili, na hili nimelishuhudia mara nyingi kiasi cha kuweza kulieleza nikiwa nimefumba macho. Juu ya madirisha yetu hupita linta, yaani mkanda wa zege wenye nondo, ambao mara nyingi una kimo cha inchi 9. Ukipima sentimita 10 juu ya dirisha, unatoboa zege. Fundi mwenye drili dhaifu na biti iliyokwisha makali husukuma dakika mbili, drili inalia, vumbi linageuka jeusi, naye anatosheka na tundu la sentimita 2. Kisha anachonga kijiti cha mbao, anakipigilia ndani, na skrubu anaigonga kwa nyundo hadi nusu kabla ya kuimalizia kwa bisibisi. Siku hiyo itashika vizuri sana. Kijiti kikikauka kinasinyaa, na skrubu iliyogongwa kwa nyundo haina meno ya kushika kitu chochote.

Dawa yake ni hii. Tafuta fundi mwenye drili ya kugonga na biti mpya ya zege ya milimita 8. Tundu liingie sentimita 6 au zaidi, na kina hicho kiwekewe alama kwa kuzungushia biti kipande cha utepe wa umeme. Vumbi litolewe kwa pampu ya baiskeli au kwa kupuliza kwa mrija, macho yakiwa yamefumbwa, kwa sababu plagi iliyoingia kwenye vumbi huzunguka pamoja na skrubu. Kisha iingie plagi ya nailoni ya milimita 8, ile ambayo mafundi wetu huiita fisha kwa jina la Mjerumani Artur Fischer aliyeibuni mwaka 1958, na skrubu ya inchi 2 na nusu. Biti ikigonga nondo, msishindane nayo. Sogezeni tundu sentimita 2 pembeni. Pale ukuta ulipobomoka, chimbueni lipu iliyolegea yote, zibeni kwa mchanga na saruji, mwache pakauke kwa wiki moja, na mtoboe mahali pengine kabisa.

Ama kuhusu bomba kupinda, hapo kitambaa hakina hatia hata kidogo. Umbali kati ya braketi ukiongezeka mara 2, kupinda huongezeka mara 16. Kwa hiyo braketi ya tatu, ikiwekwa katikati, itakufaa kuliko bomba nene la gharama kubwa. Kwa bomba lolote linalozidi mita 1.8 mimi sikubali kufunga bila braketi ya katikati. Ikiwa bomba lako ni la vipande viwili vinavyoingiana, kiungo kikae juu ya braketi hiyo au karibu nayo. Pazia la matundu, yaani lile ambalo bomba hupita ndani ya matundu yake, halitaweza kuivuka braketi ya katikati, lakini wewe una mapazia mawili yanayokutana hapo, na kila moja litabaki upande wake.

Mwandishi, mimi nina mazoea ya kuyafunga mapazia fundo katikati kila asubuhi ili upepo uingie na nipate kudeki. Binti yangu ananicheka na kusema ninunue vishikio vya ukutani. Viwekwe wapi, na je, kuna ubaya gani katika fundo? (Mama wa watoto wanne, Dodoma)

Mama, nyumba isiyojua fundo la pazia ni nyumba isiyodekiwa, kwa hiyo usione haya. Ila binti yako ana hoja. Fundo hukusanya uzito wote wa kitambaa kwenye pete mbili au tatu za katikati, na kila upepo ukilisukuma lile donge, bomba nalo linavutwa. Zaidi ya hapo, kitambaa chenye nyuzi za plastiki huzikariri zile kunyanzi, na baada ya miezi michache pazia lililofunguliwa huonekana kama nguo iliyotolewa kwenye sanduku la safari.

Kishikio kiwe theluthi moja ya urefu wa pazia kutoka chini, au juu kidogo ya hapo. Kwa pazia la mita 2.4 linalogusa sakafu, kulabu itakaa kati ya sentimita 80 na 95 kutoka chini. Kikiwa katikati kabisa ya urefu, pazia hukatika vipande viwili vinavyolingana na dirisha huonekana fupi. Kwa upande, kulabu ikae nyuma ya ukingo wa nje wa pazia, ili ikiwa pazia limefunguliwa ijifiche. Watu wengi huiweka mbali mno, na pazia hubaki limevutwa kama mtu aliyeshikwa ukosi. Kabla ya kutoboa, mwambie binti yako ashike pazia kwa mkono mahali mnapopafikiria, nawe usimame mlangoni utazame. Sogezeni juu na chini mpaka mkubaliane, ndipo muweke alama ya penseli.

Urefu wa mkanda wenyewe haukisiwi. Zungusha futikamba kwenye pazia lililokusanywa, ulegeze kiasi cha kuingiza viganja viwili, usome. Mapazia mengi ya sebuleni huhitaji sentimita 60 hadi 75. Mkanda unaweza kuwa wa kitambaa kilekile, wa kamba yenye shada, au mkono wa chuma ambao pazia huwekwa nyuma yake bila kufungwa. Mimi binafsi sijaona unaopendeza kuliko ukili, ule msuko wa ukindu wa kutengenezea mikeka, wenye upana wa vidole vitatu, ukishonewa pete ndogo kila mwisho. Ni mwepesi, haukusanyi vumbi kama shada, na ukichakaa hautaulilia.

Kulabu ya kishikio haibebi uzito mkubwa, lakini huvutwa kila siku kwa pembeni, na watoto huitumia kuning'iniza mikoba ya shule. Iwekewe plagi ya milimita 6 na skrubu ya inchi 1 na nusu.

Nyumba yetu ni ya zamani, ya mawe ya matumbawe na chokaa. Kila tunapotoboa ukuta kufunga fimbo ya pazia, tundu linamomonyoka na kuwa kubwa kama yai. Tufanyeje? (Msomaji, Lamu)

Msitoboe ukuta kama mti upo. Hilo ndilo jibu langu kwa nyumba zote za namna hiyo, za Lamu, za Mombasa ya kale na za Mji Mkongwe wa Unguja. Kuta zenu zina unene wa karibu nusu mita, lakini ndani yake ni mawe yasiyolingana yaliyoshikwa kwa chokaa laini. Drili ya kugonga inapopita huliacha jiwe likicheza ndani ya chokaa, na kinachofuata mnakijua.

Mti mnao. Upo kwenye fremu za milango na madirisha, na upo juu ya vichwa vyenu: zile boriti za mikoko ambazo urefu wake ndio uliowaamulia wajenzi upana wa vyumba. Fimbo nyepesi inaweza kuning'inizwa kutoka kwenye boriti kwa kulabu mbili za skrubu. Toboeni kwanza kwa biti nyembamba, kwa sababu mkoko uliokaa miaka mingi ni mgumu kiasi cha kuvunja shingo ya skrubu inayolazimishwa.

Kama dirisha liko mbali na boriti na fremu yake ni chakavu, tumieni ubao. Tafuteni ubao wa mbao ngumu wenye upana wa inchi 4, mrefu kuliko dirisha kwa sentimita 20 kila upande, muufunge ukutani kwa skrubu ndefu tano au sita zilizotawanywa, drili ikiwa imezimwa kugonga. Baadhi ya skrubu zitapata jiwe imara na nyingine hazitapata, lakini kwa pamoja zitashika. Braketi zote zifungwe kwenye ubao, si ukutani. Ubao ukipakwa rangi ya ukuta hausumbui jicho. Matundu ya zamani yazibwe kwa chokaa na mchanga. Saruji ni ngumu kuliko ukuta wenyewe na huzuia unyevu kutoka, kwa hiyo baada ya misimu michache ya mvua chokaa iliyo pembeni yake huanza kupukutika.

Kuhusu mapazia ya milangoni, ambayo nyumba zenu haziwezi kukosa kwa ajili ya stara, sioni sababu ya kununua bomba lolote la kisasa. Fimbo ya mbao iliyolazwa juu ya vishikio viwili vya mti kwenye fremu inatosha, na siku ya kufua mnainyanyua yote kwa mikono miwili, pazia likiwa bado liko juu yake.

Nimepanga chumba kimoja na mwenye nyumba hataki tundu hata moja ukutani. (Mpangaji, Nairobi)

Tazama kwanza dirisha lako limetengenezwa kwa nini. Kama ni la chuma, kama yalivyo madirisha mengi ya nyumba za kupanga, kulabu za sumaku zitabeba pazia jepesi bila kutoboa kitu. Kama lina nondo kwa ndani, funga kulabu mbili kwenye nondo za pembeni na unyooshe waya wa springi kati yake. Uukate mfupi kidogo kuliko nafasi yenyewe ili ukivutwa ukaze, la sivyo utalegea katikati baada ya wiki. Kama dirisha limeingia ndani ya ukuta, ipo fimbo yenye springi inayojikaza kati ya kuta mbili, ambayo hufanya kazi vizuri kwa upana usiozidi mita 1.2 na pazia lisilo zito. Futa vumbi na mafuta pale ncha zake za mpira zitakapogusa. Rangi ya mafuta huteleza, na fimbo hiyo hupenda kuanguka saa nane za usiku.

Tunaishi karibu na bahari. Mabomba yetu yanang'aa dukani, mwaka mmoja baadaye yana vidonda vya kutu, pete zinakwama, na mapazia meupe yana madoa ya rangi ya chai. (Msomaji, Mombasa)

Mlinunua chuma kilichopakwa maji ya kung'aa. Chumvi ya upepo wa bahari hutafuta mkwaruzo mmoja tu kwenye ule mng'aro, na pete zinazoburuzwa kila siku huutengeneza mkwaruzo huo wenyewe.

Siku nyingine mkienda dukani chukueni sumaku ndogo. Ikinasa kwenye bomba lenye rangi ya shaba au fedha, hicho ni chuma cha kawaida kilichovishwa nguo. Aluminiamu haishikwi na sumaku, wala shaba nyeupe, wala kwa kawaida chuma kisichoshika kutu. Kwa nyumba iliyo pwani aluminiamu iliyopakwa rangi ya unga, yaani ile inayopuliziwa ikiwa unga mkavu kisha kuokwa, ndiyo ninayoipendekeza, kwa wepesi wake na bei yake. Chuma kisichoshika kutu nacho kina madaraja: la 304 linalouzwa kila mahali hupata madoa karibu na maji ya chumvi, na la 316 huvumilia zaidi kwa sababu limechanganywa na metali iitwayo molibdeni, ila bei yake hupanda. Fimbo ya mbao, ikipigwa vanishi, ni jibu la zamani ambalo halijapitwa na wakati. Pete zikigoma kuteleza, ipakeni fimbo mshumaa. Msitumie mafuta ya kupikia, maana yatashika vumbi na kulipeleka kwenye kitambaa. Na msisahau skrubu, kwa kuwa nimeona bomba zuri la aluminiamu likitiririsha machozi ya kutu kutoka kwenye skrubu nne za bei rahisi.

Madoa ya mapazia meupe ya pamba yajaribiwe kwa ndimu na chumvi, yaanikwe juani saa moja au mbili, kisha yasuuzwe sana. Msijaribu njia hiyo kwenye kitambaa cha rangi.

Nataka reli ya pazia ifungwe kwenye dari ya jipsamu badala ya ukutani. Inawezekana? (Msomaji, Morogoro)

Inawezekana ikiwa skrubu zitapata mbao au chuma kilicho juu ya jipsamu. Ubao wa jipsamu peke yake, wenye unene wa milimita 9 au 12, utaachia siku utakapovuta pazia kwa hasira. Pitisha sumaku taratibu kwenye dari: itanasa kwenye vichwa vya skrubu zilizofichwa, na mstari wa skrubu hizo ndio mstari wa mbao. Bahati mbaya ni kwamba mbao hizo mara nyingi hazipo pale unapozitaka, hasa karibu na ukuta ambako umewekwa urembo wa kona. Hapo fundi apande darini aongeze mbao ya inchi 2 kwa 2 juu ya njia ya reli. Kama nyumba bado inajengwa, mwambie leo, kabla dari haijafungwa.

Mapazia yetu ya ofisini ni ya kuvutwa kwa kamba ndefu ya duara, na sasa tumeyahamishia nyumbani. Nina mtoto wa mwaka mmoja na nusu. (Baba mpya, Kigamboni)

Ishughulikie kamba hiyo kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu. Kitanzi kinachofika chini humnyonga mtoto kimyakimya, na si jambo la nadra duniani. Viwango vya Ulaya vilivyorekebishwa mwaka 2014 vinataka kamba za aina hiyo zidhibitiwe mahali ambapo kuna watoto. Kama kamba inaweza kufupishwa, ifupishwe. Kama haiwezi, funga kidude cha kuzungushia kamba ukutani, kisiwe chini ya mita 1.5 kutoka sakafuni, na uizungushe yote kila baada ya kuvuta. Kitanda cha mtoto, kiti na meza vihamishwe mbali na dirisha hilo. Kwa chumba chake mwenyewe, mapazia ya kusukuma kwa mkono yanatosha.

Pazia langu la matundu, upande mmoja unageukia ukutani na upande wa pili unageukia chumbani. Nimebadilisha bomba mara mbili. (Msomaji, Arusha)

Hesabu matundu. Yatakuwa witiri: 9, au 11, au 13. Ili ncha zote mbili zigeukie ukutani, idadi lazima iwe shufwa. Rudisha pazia kwa fundi cherehani aongeze tundu moja na kuzipanga upya nafasi zake, na bomba la kwanza, kama bado unalo, lirudishe mahali pake.